Mtu wa Nyuma ya Pazia: Kazi na Adabu ya Msimamizi wa Jukwaa

Haya ni maneno ya mgeni wetu, mama ambaye amesimamia michezo ya kuigiza hapa Nakuru mjini na vijijini kwa miaka mingi. Aliyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Njoro, Molo, Bahati, Subukia na Rongai. Tumeyaacha jinsi alivyoyasema. Tumepunguza salamu tu.

 

Nimeitwa kwa sababu vikundi vyenu vingi siku hizi vina mchezo wa kuigiza. Kikundi cha akiba kina mchezo wa mwanachama aliyekopa akatoroka, wahudumu wa afya wana mchezo wa kifua kikuu, vijana wana mchezo wa pombe haramu au wa amani. Nimeitazama michezo yenu kadhaa, na nasema kweli, waigizaji mnao. Mnao hata wa kugawia jirani. Mtu mnayemkosa ni yule asiyeonekana, na kwa kuwa haonekani, hamjui kama hayuko.

Nilipoanza kazi hii mwaka wa 1996 nilimwandikia mama yangu barua kule Elburgon, nikamwambia nimekuwa msimamizi wa steji. Basi mama akatangaza sokoni kwamba binti yake amepewa steji ya matatu mjini Nakuru. Nilipokwenda nyumbani Krismasi nilikuta wazazi watatu wananingoja, kila mmoja na kijana wake, wanaomba niwaandike kazi ya makanga! Nikaeleza mpaka nikachoka. Mwishowe mama akaniuliza, "Sasa wewe huimbi, huigizi, huchezi. Unalipwa ya nini?"

Nimelifikiria swali hilo miaka yote, na siku hizi naona mama hakukosea sana. Yule mtu wa steji ya matatu haendeshi gari hata moja. Lakini anajua gari gani linafuata, nani amejaza, nani amechelewa, na dereva akitaka kuondoka kabla ya zamu yake yeye ndiye anamzuia. Akikosekana siku moja utaona vita. Kazi yangu ni hiyo hiyo, isipokuwa magari yangu ni watu.

Niwaambie siku yangu inavyokwenda. Mchezo ukiwa ni wa saa nane mchana, mimi nimefika saa tatu asubuhi. Kwanza nafagia. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa sababu msumari mmoja ukiachwa jukwaani utaingia mguuni mwa mtu anayecheza miguu mitupu. Nikimaliza kufagia nakagua milango, nitarudi kwa jambo hilo. Halafu natandika meza ya vifaa. Chukueni meza yoyote, hata ya kanisa, mtandike karatasi kubwa, na kila kifaa cha mchezo kichorewe mahali pake kwa kalamu: hapa kikombe, hapa barua, hapa fimbo ya mzee. Kifaa kikitoka, pale palipochorwa panabaki patupu, na jicho linaona mara moja. Kikirudi kinarudi pale pale. Na hakuna mtu anayegusa kifaa kisicho chake. Mtoto akichukua kile kikombe akanywee maji, baba wa mchezo ataingia jukwaani kunywa sumu akiwa mikono mitupu. Nimeona hayo. Alikunywa sumu kutoka kwenye kiatu.

Kisha kuna daftari. Hii ndiyo roho ya kazi. Nachukua nakala ya mchezo, kila ukurasa naubandika mkabala na ukurasa mtupu, na katika ule mtupu naandika kila kitu kinachotokea: nani anaingia, kwa mlango upi, amebeba nini, taa inawaka lini, ngoma inaanza kwa neno gani. Naandika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa sababu mwelekezi atabadilisha, na mwigizaji atakuja na jambo lake zuri kuliko la mwelekezi. Daftari likiandikwa vizuri, mimi nikiugua leo, mtu mwingine anayejua kusoma ataweza kuendesha onyesho jioni. Kama mchezo wenu uko kichwani mwa mtu mmoja tu, siku mtu huyo akipata kazi Mombasa hamna mchezo tena.

Michezo yenu mingi haijaandikwa, najua. Mnakubaliana hadithi na kila mtu anajaza maneno yake. Hakuna ubaya. Andikeni basi maingilio na vifaa tu. Kurasa mbili zinatosha.

Kwa taa na sauti natoa maneno mawili. La kwanza ni "tayari," ili mtu wa taa aweke mkono kwenye swichi. La pili ndilo la kuachia. Zamani nilikuwa natumia "sasa." Nasema, "Taa ya tano, tayari," nangoja, halafu, "Sasa." Siku moja kijana mmoja akaingia nyuma ya pazia, amechelewa, akaona wenzake akawasalimu kwa furaha, "Sasa!" Mtu wa taa akazima. Mama mzazi alikuwa katikati ya kujifungua jukwaani. Watu wakadhani amekufa, wakaanza kulia. Toka siku hiyo mimi natumia "achia," kwa sababu hakuna anayemsalimu mwenzake kwa "achia." Chagueni neno lenu lolote, lakini liwe ni neno ambalo mtu halitoi ovyo, na likishachaguliwa mtu asilitaje pale nyuma hata kwa mzaha.

Na tena pale nyuma hatupigi mluzi. Wazungu wana hadithi kwamba zamani mabaharia ndio waliofanya kazi ya kuvuta kamba za mapazia, na walikuwa wakipeana ishara kwa mluzi, kwa hiyo ukipiga wako unaweza kuangushiwa gogo kichwani. Wazee wetu nao walisema ukipiga mluzi usiku unaita nyoka. Mimi siulizi nani ana haki. Nakataza tu.

Sasa nije kwa kuita watu, maana hapo ndipo adabu ya kazi ilipo. Katika kumbi zilizofuata desturi ya Waingereza, na ule wa Nakuru Players ni mmoja wao, ulianza enzi za walowezi, mwito wa nusu saa hutolewa dakika 35 kabla ya mchezo kuanza. Mgeni akisikia husema huyu mama hajui hesabu. Lakini hatuhesabu mpaka pazia lifunguke. Tunahesabu mpaka mwito wa mwisho, ule wa kuwasimamisha waigizaji wa kwanza mahali pao, na huo hutolewa zikibaki dakika 5. Kwa hiyo mwito wa robo saa hutolewa zikibaki 20, na mwito wa dakika tano zikibaki 10. Ukizoea utaona una akiba ya dakika tano ambayo mwigizaji haijui. Hiyo akiba imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ninapoita, mwigizaji lazima ajibu: "Asante, robo saa." Si heshima tu kwangu. Nikisikia jibu najua huyu amesikia na yuko. Nisiposikia jibu namtafuta, na mara nyingi nitamkuta kwenye kibanda cha chipsi. Mimi nami nina wajibu wangu: nabisha mlango kabla ya kuingia mahali pa kubadilishia nguo, na namwita kila mtu kwa jina lake la nyumbani. Mama Chebet ni Mama Chebet, hata kama kwenye mchezo yeye ni mchawi. Msifanye mzaha na hili. Mtu akiigiza mlevi, siku ya kwanza mkimwita Mlevi anacheka. Siku ya kumi ana uchungu na hasemi, na siku ya kumi na moja haji.

Mwigizaji akikosea jukwaani, simfuati na maneno akitoka. Ana sura nyingine mbele yake, ukimvunja moyo pale umeharibu na hiyo inayokuja. Naandika. Kesho yake, kabla ya mazoezi, namwita kando. Na yakiwa ni makosa ya kuigiza si kazi yangu kabisa, hayo ni ya mwelekezi. Mimi nahukumu saa, vifaa na mahali pa kusimama. Nikianza kumfundisha mtu namna ya kulia nimevuka mpaka. Mwelekezi naye, mchezo ukishaanza kuonyeshwa, anauweka mikononi mwangu na haruhusiwi kuja nyuma ya pazia kubadilisha maneno dakika ya mwisho. Wengine hukasirika. Mmoja alikaa miezi miwili bila kunisalimu, na mchezo ukaenda salama miezi hiyo miwili.

Juu ya kuchelewa, nikiri nilikosea. Nilipopata kikundi cha kwanza kijijini niliweka faini, shilingi kumi kwa kila anayechelewa mazoezi, kama vile mnavyofanya kwenye merry-go-round. Wiki ya kwanza walikuja mapema. Wiki ya tatu mtu anakuja saa kumi badala ya saa nane, anaweka shilingi kumi mezani kwa fahari, anakaa. Alikuwa ameinunua ile saa! Na waliokuja mapema wakaniangalia mimi kama mjinga. Nikaifuta faini. Toka hapo, saa nane ikifika tunaanza na waliopo, hata wakiwa watatu, na sehemu ya asiyekuwepo inasomwa na mtu mwingine. Hakuna dawa kama hiyo. Mtu akiingia mlangoni akamkuta mwenzake anasema maneno yake, tena anayasema vizuri, kesho atakuja saa saba na nusu.

Na kwa sababu nyinyi ni watu wa vikundi, niongeze hili: msimamizi wa jukwaa asiwe mweka hazina. Mnapenda kumpa mtu mmoja mwaminifu kazi zote. Lakini mtu aliyegombana na mimi juu ya nauli ya kwenda Subukia hatanijibu "asante, robo saa" kwa moyo mweupe. Anayeshika saa asishike pesa. Malipo yenyewe, kwa wale wanaouliza, ni madogo, na hayaji kwa wakati. Mara nyingi nimelipwa chakula na nauli, na mara nyingine nauli ya kwenda bila ya kurudi. Mimi hufika wa kwanza na huondoka wa mwisho, na usiku matatu za kurudi Njoro ni chache. Sikuja kuwadanganya.

Nilisema nitarudi kwa milango. Desemba 30 mwaka wa 1903, mjini Chicago kule Marekani, ukumbi mpya kabisa wa Iroquois ulishika moto wakati wa mchezo wa mchana. Ulikuwa umefunguliwa wiki chache tu nyuma, na ulitangazwa kwamba hauwezi kuungua. Cheche ya taa ilishika pazia. Lile pazia kubwa la kuzuia moto likakwama halikushuka hadi chini. Watu wakakimbilia milango, mingi ikawa imefungwa, mingine inafunguka kwa ndani na umati umeigandamiza. Walikufa watu zaidi ya 600, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa katika likizo ya Krismasi. Sisi hapa Kenya hatuhitaji kwenda mbali kujifunza habari ya mlango uliofungwa. Mwaka wa 2001 wanafunzi 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Sasa fikirini kumbi zetu za mabati. Mlango mmoja mbele, mmoja kando, na ule wa kando mmeuziba kwa viti vya wageni wa heshima. Jenereta iko dirishani, mtungi wa petroli uko kando yake, na pembeni kuna koroboi kwa sababu stima imepotea. Mimi sifungui mchezo mpaka milango yote imefunguka kwa mkono wangu na njia iko wazi. Chifu akiketi njiani, namwomba kwa heshima asogee. "Mzee, samahani, hapa ni njia ya watoto." Hajawahi hata mmoja kukataa.

Kuna mlango mwingine, nao ni kibali. Nilipoanza, hata kikundi cha kijiji kilihitaji ruhusa ya wakubwa wa wilaya kabla ya kuigiza mbele ya watu, na msimamizi ndiye aliyetembea na karatasi. Wazee hapa wanakumbuka Kamiriithu, kule Limuru. Mwaka wa 1977 wanakijiji, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, waligeuza kiwanja kitupu kuwa ukumbi wa wazi wa kukaa watu kama 2,000. Mchezo ni Ngaahika Ndeenda, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalikuwa hadharani, na anayepita njiani aliruhusiwa kusema, "Hapana, mtu wa kiwandani hasemi hivyo." Ulianza Oktoba, na Novemba ukafutiwa kibali. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka wa 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa na polisi. Mimi nikiwaza habari ile huwa namfikiria mtu mmoja ambaye hakuna kitabu kinachomtaja sana, yule aliyekuwa akijua siku hiyo nani analeta taa na nani atakaa na watoto wa waigizaji.

Na hapa kwetu Nakuru, Aprili 10 mwaka wa 2025, kwenye tamasha la kitaifa la shule, mliona wasichana wa Butere na mchezo wao Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuonyesha. Mwandishi aliyewaandaa alikuwa amekamatwa, nje moshi wa kutoa machozi unarushwa. Siasa ya jambo lile wenye siasa waizungumze. Mimi niliitazama kwa macho ya kazi yangu. Watoto waliletwa jukwaani asubuhi hakuna watazamaji, hakuna vifaa vya sauti, mwelekezi wao hayupo. Wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Nilimwambia mume wangu: hao wana adabu ya jukwaa kuliko waliowaita. Mwigizaji hapelekwi mbele kabla mahali pake hapajatayarishwa. Hilo ndilo jambo la kwanza msimamizi anaapa moyoni mwake, na mimi nimewahi kulivunja.

Hiyo ndiyo habari niliyotaka hasa kuwaambia. Mwenyekiti ataniwia radhi kama nitapita muda kidogo.

Mnajua mambo yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100, na mkoa wetu ulibeba sehemu kubwa. Uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ulijaa mahema. Mwaka wa 2009 nilikuwa na kikundi cha michezo ya amani, tukizunguka vijiji vya upande wa Molo. Tulikuwa waangalifu. Tulitumia Kiswahili tu, kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna aliyeweza kusema ni ya wale. Majina ya mchezoni yalikuwa Jirani wa Juu na Jirani wa Chini, ili mtu asijue ni kabila gani. Waigizaji wenyewe walikuwa wamechanganyika, na siku moja Mkikuyu akiwa Jirani wa Juu, siku ya pili anakuwa wa Chini.

Kulikuwa na sura moja ambapo Jirani wa Juu anakuja usiku na panga. Fundi mmoja alikuwa ametuchongea panga la mbao, amelipaka rangi ya fedha, lakini ukiliangalia unajua ni mbao. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika wazi: panga la mbao, meza ya kushoto.

Siku hiyo matatu ilitushusha tukiwa tumechelewa, mvua inanyesha, na gunia la vifaa likabaki kwenye gari. Vingine tuliazima pale pale, kikapu, jiko, kiti. Kijana wa Jirani wa Juu akaja na panga ya kweli, ameazima kwa nyumba ya karibu. Akaniuliza, "Mama, hii itafanya?" Nililiona. Nawaambia nililiona kwa macho yangu, na niliona hata makali yamenolewa kwenye jiwe. Watu walikuwa wamengoja saa nzima kwenye mvua. Nikasema, "Itafanya, usiinue juu sana."

Sura ile ilipofika, kijana aliingia. Hakuinua juu. Lakini taa ya jenereta ilimulika lile bamba, na panga la kweli lina mlio wake likigusa nguzo. Mama mmoja aliyekuwa mbele alisimama, hakupiga kelele, alisimama tu, kisha akashika watoto wawili akakimbia. Sekunde hiyo hiyo ukumbi wote ukaamka. Watu walipita juu ya viti. Niliingia jukwaani na daftari langu mkononi, nikamwondoa kijana, nikasema kwa sauti, "Mchezo umesimama, washeni taa zote, milango iko wazi, tokeni polepole." Milango ilikuwa wazi kweli, hilo nililifanya. Mtoto mmoja alikanyagwa mkono, ukavimba. Hakuna aliyevunjika. Lakini wengine hawakulala nyumbani usiku ule, walilala shambani kwenye mahindi na mvua ile.

Kijana wetu alilia. Alitaka kwenda kuomba msamaha peke yake. Nikamkataza. Alikuwa ameuliza, na mimi nilikuwa nimejibu. Mwigizaji akitumia kitu kilichopitishwa na msimamizi, kosa si la mwigizaji. Kesho yake nilikwenda mimi, pamoja na mzee mmoja wa kijiji na mama mmoja wa kanisa anayejulikana pale, tukafika kwa yule mama. Alitukaribisha. Alituwekea uji. Nikaeleza kila kitu, gari, gunia, mvua. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Ni wewe ulikuwa na kitabu mkononi?"

Nikasema ni mimi.

"Hicho kitabu kiliandika panga ya namna gani?"

Nikamwambia kiliandika panga la mbao.

Akanyamaza. Mimi nami sikuwa na la kusema. Ukiwa umeandika mwenyewe, na unajua kusoma, mvua haikusaidii.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwake na lile gunia, lilikuwa limepatikana. Alitaka kuliona panga la mbao. Akaligeuza, akaligonga kwa kidole, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza, kama mama, je, turudi kumaliza mchezo au tuuache? Alisema turudi, watu wanataka kujua wale majirani walifikaje mwisho. Lakini panga lisiingie, hata hili la mbao. "Mwambie huyo kijana aingie mikono mitupu. Panga tutaiona sisi wenyewe."

Tulifanya hivyo. Kabla ya kuanza nilisimama mbele ya watu nikaeleza mchezo una nini ndani yake na mtu ataingia usiku, ili asiyetaka kuona atoke mapema, na wachache walitoka, tukawaacha kwa heshima. Kijana aliingia mikono mitupu. Kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia katika ukumbi wowote, si Nakuru, si Nairobi. Mchezo ulifika mwisho. Baadaye walikaa kuzungumza mpaka giza likaingia, na mimi nikakosa gari nikalala kwa yule mama.

Tangu hapo nina kanuni zangu ambazo haziandikwi kwenye vitabu vya ukumbi. Hakuna chombo cha kweli chenye makali, hata kisu cha jikoni. Kifaa kisichokuwepo mezani nusu saa kabla hakiingii jukwaani, mchezo utabadilika bila hicho. Kikundi kikienda kijiji kisichokijua, msimamizi anatangulia siku moja, anaongea na wazee na akina mama, anauliza ni jambo gani hapa halitamkwi. Mkiwa na mchezo wa ukimwi, ulizeni kama kuna msiba wa karibuni na jina la aliyefariki, msije mkampa marehemu wenu wa mchezoni jina hilo hilo. Na mwigizaji akiuliza "hii itafanya?" wakati una haraka, hiyo haraka yako ndiyo ya kuogopa.

Mmeniuliza wakati wa chai mtaanzia wapi. Anzeni na daftari la shilingi chache na penseli. Mchagueni mtu asiyependa kusifiwa, anayefika mapema bila kuitwa, na ambaye anaweza kumwambia mwenyekiti hapana bila kupandisha sauti. Mara nyingi ni yule mama anayepanga viti. Mpeni saa.

Nimetandika meza pale nyuma, na vifaa vyake vyote vimechorewa mahali, mpate kuona inavyokuwa. Panga la mbao lipo pia, ni lile lile la Molo, rangi imebambuka. Mnaweza kulishika, lakini niulizeni kwanza, halafu mlirudishe pale pale lilipochorwa.